Maji ya Gatumba, hofu ya Uvira: kwa nini maafa ya jirani ni habari yetu pia

Tangu mwezi wa Aprili, mkaaji wa Kavimvira anayetaka kujua hali ya ndugu yake wa Gatumba hangoji tena habari za jioni. Picha zinaingia kwenye simu moja kwa moja: mtumbwi unapita katikati ya avenyu, maji yamefika dirishani, mama amebeba godoro kichwani huku mtoto akimshika kitenge. Kutoka mpaka wa Kavimvira hadi Gatumba ni mwendo wa dakika chache kwa pikipiki. Lakini katikati kuna kizuizi, kuna DGM upande huu na polisi ya Burundi upande ule, na hiyo inatosha kufanya msiba wa jirani uonekane kama msiba wa mbali.

Burundi imepigwa vibaya. Tarehe 16 Aprili 2024 serikali yake, pamoja na Umoja wa Mataifa, iliomba msaada wa kimataifa. Kwa hesabu iliyotolewa siku hiyo, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameguswa na mvua na mafuriko tangu Septemba 2023, na karibu 96,000 walikuwa wamehama makwao. Ziwa Tanganyika liliingia Gatumba, likaingia Kajaga na Kibenga, likafika hadi kwenye bandari ya Bujumbura. Mvua hizo za El Niño zilipiga ukanda mzima. Tanzania, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliliambia bunge tarehe 25 Aprili kwamba watu 155 wamekufa. Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu na kuzoa watu waliokuwa wamelala.

Swali linaloulizwa Uvira, kwenye foleni ya maji na kwenye makundi ya simu, ni moja: sisi tulio ng'ambo tufanye nini? Jibu linaanza na jambo ambalo miaka hii minne imelionyesha zaidi ya mara moja. Kwenye ukanda huu, maafa ya jirani mara nyingi ndiyo onyo la kwanza la maafa yetu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Safari hii maji yenyewe ndiyo yanayonyoa.

Pole zinavuka, malalamiko pia

Kati ya Uvira na Bujumbura undugu ni wa kila siku. Mama anayeuza ndagala Kalundu anajua bei ya soko la Bujumbura kabla ya kujua ya Bukavu. Vijana wa Uvira wanasoma kwenye vyuo vya huko, wagonjwa wanapelekwa kwenye hospitali za huko. Na tangu mafuta ya gari yaadimike Burundi, bidoni za petroli zinavuka kutoka upande wa Kongo. Wakati wa vita, njia imetumika na pande zote mbili. Warundi walikimbilia Uvira mwaka 1972, wakaja tena 1993 na 2015. Wakongomani nao, kila bunduki ziliposogea huku, walivuka kwenda Gatumba.

Ndiyo maana Gatumba ikizama, pole za kwanza hazitoki kwenye serikali. Zinatoka kwa watu. Mtu anapiga simu, anasema "mwihangane", kisha anauliza watoto wako wapi na kama kuna mahali pa kulala. Wapo wanaopokea shangazi na watoto wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili, bila shirika lolote kuandika majina yao. Msaada wa namna hii hauonekani kwenye ripoti, lakini ndio unaofika kwanza.

Hata hivyo tusidanganyane, malalamiko nayo yapo. Wako wanaosema: mwaka 2020 Uvira ilipolia, nani alitulilia? Wako wanaokumbuka usumbufu wa mpakani. Na wako wanaouliza kwa nini Mkongomani achange kwa ajili ya Burundi wakati avenyu zilizo pembeni ya ziwa hapa Uvira nazo zimejaa maji, bandari ya Kalundu imeingiliwa, na vijiji vya Fizi kama Makobola, Mboko na Swima vina watu waliolala nje.

Malalamiko hayo yana msingi. Lakini yanachukulia kwamba kuna maji ya Burundi na maji ya Kongo, na hapo ndipo yanapopotea.

Aprili 2020: miji miwili, siku tatu

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilianguka kwenye milima inayoitazama Uvira. Mto Mulongwe ulishuka na mawe, magogo na tope. Ulibomoa nyumba, ukaharibu daraja, ukavuruga mitambo ya REGIDESO na kuacha mji bila maji safi. Watu karibu 50 walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila makao.

Tarehe 19, Uvira ikiwa bado inatafuta maiti kwenye tope, Rusizi ulivunja kingo upande wa pili. Gatumba ikaingia majini. Watu zaidi ya 27,000 walihama, wengi wakaenda kuishi kwenye mahema Kinyinya na baadaye Maramvya, mahali panapoitwa Sobel. Baadhi yao walikaa huko miaka.

Hiyo ilikuwa wakati wa korona. Mpaka wa Kavimvira ulikuwa umefungwa, na haukufunguliwa kama kawaida hadi mwaka 2021. Familia moja ilikuwa na msiba Uvira na nyumba iliyozama Gatumba, na hakuna aliyeweza kuvuka kwenda matanga. Kila nchi ilihesabu wafu wake na mahema yake. Kila nchi iliomba msaada kivyake, kwa wafadhili wale wale.

Mvua iliyojaza Mulongwe siyo peke yake iliyojaza Rusizi. Mto huo unatoka Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kabla ya kufika kwetu unapokea maji kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini milima yote hiyo ilikuwa imelowa kwa wiki nyingi. Uvira ilipopigwa, mtu wa Gatumba alikuwa na haki ya kuambiwa: hali ni mbaya, ondoa watoto karibu na mto. Kulikuwa na siku mbili za kumwambia.

Mei 2023: Rwanda kwanza, halafu Kalehe

Mfano wa pili uko Kaskazini kidogo, kwenye Ziwa Kivu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliangusha milima ya magharibi mwa Rwanda. Wilaya za Rubavu, Karongi, Rutsiro, Ngororero na Nyabihu ndizo zilizoumia zaidi, na watu zaidi ya 130 walikufa. Huku Kivu ya Kusini wengi walizisikia kama habari za nchi nyingine, tena nchi ambayo wakati huo ilitazamwa kwa hasira kubwa kwa sababu ya vita vya M23. Kwenye simu kulikuwa na pole, na kulikuwa pia na maneno ambayo si ya kurudia.

Siku ya Alhamisi tarehe 4 Mei, siku ya soko, maji na mawe yalishuka Bushushu na Nyamukubi, katika wilaya ya Kalehe. Wafu waliohesabiwa walipita 400. Wamama waliokuja kuuza muhogo na samaki hawakurudi nyumbani. Kutoka Karongi hadi Kalehe ni kuvuka ziwa tu.

Hakuna anayeweza kusema kwamba mvua ya Rwanda ndiyo iliyoua Nyamukubi. Ni mvua mbili tofauti, kwenye milima miwili tofauti. Lakini ni msimu mmoja, na udongo uliolowa namna moja. Habari ya tarehe 3 ingesomwa kama onyo, pengine soko la tarehe 4 lingehamishwa, au watu wa kando ya mto wangelala kwingine. Ilisomwa kama habari ya jirani, na ikapita.

Maji ya ghafla na maji ya polepole

Ili msaada na onyo viwe na maana, lazima kutofautisha mafuriko ya aina mbili ambayo watu wa pwani hii huyachanganya.

Aina ya kwanza ni ya mito ya mlimani. Uvira tunayo Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira. Bujumbura wana Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingine. Maji haya hushuka kwa saa chache, usiku mara nyingi, yakibeba mawe. Ndiyo yaliyoua zaidi ya watu 60 kaskazini mwa Bujumbura usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, Gatunguru ilipobomoka. Onyo la maji haya ni fupi. Dawa yake ni miti mlimani, mitaro iliyosafishwa, na nyumba zisizojengwa kwenye njia ya mto.

Aina ya pili ni ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na linashirikiwa na nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Maji yanayoingia leo kwenye parseli ya mtu pembeni ya ziwa hapa Uvira yanaweza kuwa yalianguka kama mvua upande wa Tanzania, yakaletwa na mto Malagarasi, miezi iliyopita. Ziwa halikurupuki. Linapanda sentimita kwa sentimita tangu mvua za mwisho wa mwaka, na kwa kawaida hufika juu kabisa Aprili au Mei. Mwaka 2024 lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kinachokaribia kile cha mwaka 1964 ambacho wazee bado wanakitaja.

Maana yake ni kwamba Gatumba haikuzama kwa ghafla mwezi wa Aprili. Kuzama kulianza miezi kadhaa kabla, na kungeweza kupimwa. Aliyeona Kajaga ikiingiliwa na ziwa alikuwa anaona pia kitakachotokea Kalundu, kwa sababu ziwa ni moja na usawa wake ni mmoja.

Mlango mmoja wa kutokea

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, nao ni mto Lukuga, Kalemie, upande wetu wa Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa jua, kama mvuke. Lukuga huchukua sehemu ndogo. Hata hivyo Lukuga ukizibwa na mchanga na majani, historia inaonyesha kinachofuata. Katika karne ya 19 mto huo ulikuwa umeziba na ziwa likapanda miaka mingi. Kufika mwaka 1878 hivi maji yalivunja kizibo, na miaka iliyofuata ziwa lilishuka zaidi ya mita 10.

Watu wa hapa walijua tabia ya maji haya kabla ya wageni. Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha Nili, waliambiwa na wenyeji kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wazungu waliendelea kubishana. Ilibidi Livingstone na Stanley waje wenyewe kwenye mdomo wa Rusizi, Novemba 1871, ndipo wakakubali.

Leo mjadala wa Lukuga unarudi kila maji yanapopanda: uzibuliwe, upanuliwe. Miaka ya 2000 ziwa liliposhuka, mjadala ulikuwa kinyume, watu walitaka kizuizi cha kubakiza maji. Ndiyo sababu nchi moja haiwezi kuamua peke yake. Burundi iliyozama haina mamlaka Kalemie. Na Kongo yenye ufunguo wa Lukuga haiwezi kuugeuza bila kufikiria Kigoma na Mpulungu, ambao siku ya ukame watakuja kuuliza maji yao yalikwenda wapi.

Mahali pa kuzungumzia hayo papo. Tarehe 12 Juni 2003 nchi zote nne zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa, Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura, mji ule ule ambao maji yameufikia mlangoni. Burundi inayo IGEBU kwa vipimo vya maji na hali ya hewa. Kongo inayo METTELSAT. Kinachokosekana ni kipimo kile kufika kwa mvuvi wa Kalundu na mwenye nyumba wa Mushasha wiki ile ile, kwa lugha anayoisikia. Kwa sasa, mwenye nyumba hupima ziwa kwa kuangalia kama miguu imelowa.

Sheria nazo ziko. Kanuni ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Hoteli na nyumba za ghorofa zimejengwa hapo hapo, na mwaka 2024 zilisimama ndani ya maji. Uvira haina haki ya kucheka, kwa sababu pembeni ya ziwa huku viwanja vimeuzwa vivyo hivyo, na maskini ndiye aliyepewa kile kilicho karibu zaidi na maji.

Kutoka ng'ambo, kipi kinafaa?

Cha kwanza ni habari ya kweli. Kila mafuriko yana picha zake za uongo: video ya mwaka mwingine, ya nchi nyingine, inatumwa kama ya Gatumba leo. Mtu anayetuma bila kuuliza anamtia mwenzake hofu bure, na siku ya hatari halisi hakuna atakayeamini. Kabla ya kusambaza, piga simu kwa mtu aliye mahali pale. Wengi wa Kavimvira wana laini za nchi zote mbili, basi kazi hiyo wanaiweza kuliko waandishi wa Kinshasa au wa Paris.

Cha pili ni maji safi. Uvira na Bujumbura ni miji ya kipindupindu kwa miaka mingi, na ugonjwa huo hauombi jetoni mpakani. Burundi ilitangaza mlipuko tarehe 1 Januari 2023, na kila mara wagonjwa wanapoongezeka upande mmoja, upande mwingine haukawii. Vyoo vya Gatumba vimezama. Maji ya vyoo hivyo yako ziwani, na ziwa ndilo tunalooga, kuoshea vyombo na wengine kunywa. Sabuni na dawa ya kusafishia maji iliyofika Gatumba inamlinda na mtoto wa Kilibula. Ni jibu tosha kwa anayeuliza kwa nini tuchangie Burundi.

Cha tatu ni pesa kidogo mkononi mwa mtu anayejulikana. Nguo za zamani zinazorundikwa mpakani zinagharimu usafiri na maelezo kwa douane. Shangazi aliye Gatumba anajua mwenyewe kama anahitaji unga, hema au nauli ya kwenda kwa ndugu mlimani.

Halafu kuna kundi ambalo wengi hulisahau: wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda na Mulongwe, huko Fizi. Wao ndio wanaotazama maafa haya kutoka mbali kwa uchungu zaidi. Wameishi kambini tangu 2015 wakijiambia siku moja watarudi. Sasa anayetoka Gatumba anaonyeshwa kwenye simu kiwanja chake kikiwa ndani ya maji, na anatakiwa kuamua kama atajiandikisha kurudi. Kumwambia nchi ina amani hakutoshi. Anahitaji kujua kama ardhi yake itakuwepo, na kama haipo, atapewa wapi. Hayo yanapaswa kusemwa wazi na wote wanaopanga safari hizo, kabla ya mtu kupanda gari.

Cha mwisho kinadai mamlaka, na kinadai wananchi wasiache kuuliza. Meya wa Uvira na viongozi wa Gatumba wanakutana kwa mambo ya usalama na ya ushuru. Kipimo cha ziwa kingeweza kuwekwa kwenye mazungumzo hayo hayo. Namba moja kwa wiki inatosha: ziwa limepanda sentimita ngapi, Rusizi uko wapi, mvua imenyesha kiasi gani milimani. Redio za jamii za pande zote mbili zinaweza kuisoma kwa Kiswahili na Kirundi, kama zinavyosoma bei za soko. Haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Inahitaji mtu mmoja mpimaji, simu moja, na ruhusa.

Mvua za msimu ujao zitaanza Septemba. Ziwa litashuka kidogo wakati wa kiangazi, watu watarudi kwenye nyumba zao, watapiga deki na kupaka chokaa juu ya doa la maji ukutani. Wafanye vizuri wasilifute doa hilo. Waliache hapo, waandike mwaka pembeni yake, 2024, ili Machi ijayo mtoto akipita aweze kusema maji yamebakiza kiasi gani kufika.